Uonevu Skuli Usiachwe Ukawa Desturi

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu katika Zanzibar itatolewa bure kwa watoto wote bila ya ubaguzi. Tangazo lile liliondoa vizuizi viwili vilivyokuwa vimesimama mbele ya mtoto wa mnyonge: ada ambayo mzazi wake hakuwa nayo, na utaratibu wa kuwagawa watoto kwa asili zao. Tangu siku ile wananchi wa Unguja na Pemba wamejitolea kujenga madarasa, Serikali imesomesha walimu, na imekuwa ni jambo la kawaida mtoto wa mvuvi kukaa dawati moja na mtoto wa mkurugenzi.

Lakini kipo kizuizi cha tatu ambacho tangazo lile halikuweza kukiondoa, kwa kuwa hakikuwekwa na mkoloni wala hakikuandikwa katika kanuni yoyote. Kizuizi hicho ni uonevu wa mwanafunzi juu ya mwanafunzi mwenziwe. Mtoto anaandikishwa, anashonewa sare, anapewa daftari, na jina lake linaitwa kila asubuhi. Hata hivyo elimu haimfikii, kwa sababu akili yake yote imeshughulika na jambo moja tu, nalo ni kengele ya mapumziko ikilia ajifiche wapi. Kwa mtoto wa namna hiyo mlango wa skuli uko wazi kwa maandishi na umefungwa kwa vitendo. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo pamoja na wazazi wa visiwa hivi na viongozi wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya elimu.

Hapana budi tuanze kwa kueleza maana, kwani neno likikosa mipaka hata sheria yake hukosa nguvu. Si kila ugomvi ni uonevu. Watoto wawili wa kimo kimoja wakigombania mpira wakakamatana mashati, huo ni ugomvi, na aghalabu jioni huwakuta wamekwisha patana. Wala si kila utani ni uonevu. Sisi ni watu wa utani. Tunataniana kwa ubinamu, kwa mtaa na kwa timu za mpira. Lakini utani una adabu yake: mwenye kutania naye hutaniwa, na wote wawili hucheka. Uonevu una alama tatu ambazo wataalamu wamezieleza na ambazo mzazi yeyote anaweza kuzitambua: hufanywa kwa kusudi la kuumiza; hurudiwa leo, kesho na kesho kutwa; na mwenye kufanyiwa hana uwezo wa kujitetea, ama kwa umbo, ama kwa umri, ama kwa kuwa yeye ni mmoja na wao ni kundi.

Kwa kipimo hicho, mkubwa anayemnyang'anya mdogo kila siku shilingi mia tano aliyopewa na mama yake anunue kachori anafanya uonevu. Kumwita mwenzio kwa kilema chake badala ya jina lake ni uonevu. Kumcheka mtoto wa Tumbatu, wa Kojani au wa Makunduchi kwa matamshi ya kwao, mpaka akaogopa kunyanyua mkono darasani, ni uonevu. Kuwatumikisha wageni wa dakhalia wawafulie wakubwa nguo na kuwatekea maji ni uonevu. Kumtenga msichana mmoja, wenziwe wakaapizana kwamba asisemeshwe na yeyote, ni uonevu, hata kama hakuna kofi lililopigwa. Na siku hizi umezuka uonevu wa simu: picha ya aibu hupigwa mchana skulini, na usiku ikawa imekwisha zunguka mtaa mzima. Zamani mtoto aliyeonewa alipofika kwao na mlango ukafungwa, alipumzika mpaka asubuhi. Leo mwonevu humfuata mpaka chini ya chandarua.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo madogo ya watoto wachache. Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, lilitoa taarifa iliyokusanya hesabu za nchi nyingi, na ikabainika kwamba karibu mwanafunzi mmoja katika kila watatu alikuwa ameonewa na wenziwe angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Kuanzia mwaka 2020, Alkhamisi ya kwanza ya mwezi wa Novemba imewekwa kuwa siku ya kimataifa ya kupinga ukatili na uonevu skulini. Ulimwengu haukuweka siku hiyo kwa ajili ya mchezo.

Huku kwetu yapo maneno yanayotumika kulifunika jambo hili. Husemwa kwamba mtoto akionewa atakomaa. Husemwa kwamba hata sisi tulionewa na tumekuwa watu. Husemwa pia kwamba mwenye nguvu mpishe. Methali hiyo ni nasaha ya busara kwa mpita njia aliyekutana na mtu wa shari. Haikukusudiwa kuwa katiba ya skuli. Skuli ambayo mwenye nguvu hupishwa ndani yake inafundisha somo ambalo halimo katika mtaala: kwamba haki hufuata misuli, na kwamba mnyonge salama yake ni kunyamaza. Mtoto anayehitimu na somo hilo, akiwa upande wa mwonevu au wa mwonewa, ndiye atakayekuwa karani, askari, mwalimu au kiongozi wetu wa kesho. Wazee wetu walifanya Mapinduzi ili kukomesha kuonewa. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa tutaacha uonevu huo huo ufanyiwe mazoezi katika viwanja vya skuli walizotuachia.

Madhara yake yanaonekana kwa kila mwenye macho. Mtoto aliyekuwa akipenda skuli huanza kuumwa na tumbo kila Jumatatu asubuhi. Daftari hupotea, kalamu hupotea, shati hurudi limechanika, na mwenyewe husema ameanguka. Hakunywi maji mchana kutwa ili asilazimike kwenda chooni, maana chooni ndiko anakoviziwa. Alama zake hushuka, kisha huwa mtoro. Na hapo ndipo dhulma ya pili inapomfika, kwa kuwa utoro ni kosa linaloonekana na uonevu ni kosa lililojificha. Mwalimu humwadhibu kwa utoro, mzazi humwadhibu kwa utoro, na mwonevu, ambaye ndiye chanzo cha yote, hukaa mstari wa mbele akimtazama. Viongozi wetu wanapokutana kujadili utoro na watoto kuacha masomo, wasisahau kuuliza suali hili: kati ya hao walioacha, wangapi wamefukuzwa na wenziwao?

Wako watoto ambao jambo hili huwafika kwa uzito zaidi. Mwaka 2006 Baraza la Wawakilishi lilitunga Sheria Namba 9 inayohusu haki za watu wenye ulemavu, na mtoto asiyeona au asiyesikia akahesabiwa kuwa ana haki ya kusoma kama mwengine yeyote. Visiwani petu pia mwanafunzi aliyejifungua alifunguliwa njia ya kurudi darasani mapema kuliko Tanzania Bara, ambako njia hiyo ilifunguliwa mwezi wa Novemba 2021. Hizi ni hatua za kujivunia. Lakini sheria inaweza kumfikisha msichana yule mlangoni tu. Kinachoamua kama atakaa ndani ni namna atakavyopokelewa na wenziwe. Akipokewa kwa minong'ono na jina la kejeli, atarudi kwao kabla ya wiki kwisha, na katika kitabu cha skuli itaandikwa kwamba ameacha kwa hiari yake.

Je, hatuna sheria? Tunazo, na si chache. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinaitaka nchi imlinde mtoto na kila aina ya ukatili wa mwili na wa akili, na kifungu cha 28 kinataka nidhamu ya skuli isimamiwe kwa njia inayolinda heshima ya mtoto. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto nao tuliuridhia mwaka 2003. Kwa Tanzania Bara ilitungwa Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, na kwa Zanzibar ikatungwa Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, zote zikimhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18 na kumkinga na ukatili. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar Namba 6 ya mwaka 2018 inalitambua shambulio kuwa ni kosa. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inafanya kazi pande zote mbili za Muungano, imeutaja waziwazi uonevu wa mtandaoni na kuuwekea adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Tuzitazame sheria hizi kwa macho ya mtoto wa darasa la tano aliyenyang'anywa pesa zake nyuma ya choo. Mkataba wa kimataifa unazungumza na dola. Sheria ya mtoto inazungumza na mzazi, mlezi, afisa wa ustawi na mahakama. Sheria ya adhabu inazungumza na polisi na hakimu. Sheria ya mtandao inazungumza na mwenye simu, na adhabu yake ni nzito mno kuwa dawa ya ujinga wa kijana wa miaka 13. Kila moja ina kazi yake, na hatusemi iondolewe hata moja. Lakini mtoto yule ana maswali manne tu, nayo ni madogo na ya karibu: nimwambie nani? Nikisema, atafanya nini? Itachukua siku ngapi? Na nikisha sema, nani atanilinda nikiwa njiani kurudi nyumbani? Sera yoyote isiyoyajibu maswali hayo manne, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa na mahali ambapo anaweza kupaona, haijamfikia, hata ikiwa imechapwa kwa karatasi nzuri na kuzinduliwa kwa ngoma.

Nchi nyengine zimepita njia hii kabla yetu, na ni vyema tujifunze kwa mazuri yao na kwa makosa yao. Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini ya Norway walijiua, na ikaaminika kwamba sababu ilikuwa uonevu mkali wa wenziwao. Msiba ule uliitikisa nchi, na mwaka 1983 Serikali ikaanzisha kampeni katika skuli zake. Mtaalamu aitwaye Dan Olweus alifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika skuli 42 za mji wa Bergen kwa muda wa miaka miwili na nusu, na akakuta uonevu umepungua kwa kiasi cha nusu. Dawa yao haikuwa ya ajabu. Wanafunzi waliulizwa kwa maandishi bila ya kutaja majina yao. Walimu walipangwa kuzungukia viwanja wakati wa mapumziko. Kila darasa liliweka kanuni chache dhidi ya uonevu na kukutana kuzizungumza. Na ilipotokea kesi, mwonevu, mwonewa na wazazi wao walizungumzwa nao kwa uzito. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mkopo wa kigeni.

Visiwa vya Ufilipino, ambavyo idadi yake inapindukia 7,000, vilitunga sheria maalumu mwaka 2013, nayo ni Sheria ya Jamhuri Namba 10627. Sheria hiyo inaitaka kila skuli ya msingi na ya sekondari iwe na sera yake ya kuzuia uonevu, ieleze namna ya kupeleka taarifa na namna ya kuchunguza, iwaarifu wazazi wa pande zote mbili, iharamishe kisasi dhidi ya aliyetoa taarifa, na iwasilishe hesabu za matukio kwa wakuu wa elimu wa eneo. Kwa karatasi, ni sheria ya kupigiwa mfano. Lakini ulipofanywa mtihani wa kimataifa wa PISA mwaka 2018, wanafunzi 65 katika kila 100 wa nchi hiyo walisema kwamba wanaonewa angalau mara chache kwa mwezi, ilhali wastani wa nchi za OECD, zinazosimamia mtihani huo, ulikuwa 23. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu sheria kutiwa saini. Funzo lake kwetu ni zito: sheria nzuri inaweza kukaa ofisini ikastarehe huku mtoto akiendelea kuonewa uwanjani.

Wajapani walijifunza jambo jengine. Mwaka 2011 mwanafunzi wa mji wa Otsu alijiua baada ya kuonewa, na ikafichuka kwamba wakuu wa elimu wa mji huo hawakuyatoa hadharani yale waliyoyaandika wanafunzi wenziwe walipoulizwa. Mwaka 2013 Japani ikatunga sheria inayoitaka kila skuli iwe na chombo cha kudumu cha kushughulikia uonevu na kuchunguza kila tukio zito. Tangu hapo hesabu za matukio yaliyoandikwa zimepanda sana. Mwaka wa masomo 2019 pekee yaliandikwa zaidi ya 600,000. Mtu wa pupa atasema sheria imeshindwa. Wizara ya Elimu ya Japani haikusema hivyo. Ilisema kwamba skuli inayoandika mengi ni skuli inayotazama, na kwamba skuli ya kutiliwa shaka ni ile inayoleta sifuri kila mwaka.

Jambo hili tunaliweka mbele ya viongozi wetu kwa msisitizo. Desturi ya utumishi wa umma ni kupenda taarifa safi. Mwalimu Mkuu anayepeleka kwa Afisa Elimu wa Wilaya taarifa ya matukio kumi anaogopa kuonekana kwamba skuli yake imemshinda, na mwenziwe aliyepeleka karatasi tupu husifiwa. Maadamu hali ni hiyo, kila Mwalimu Mkuu mwenye akili atapeleka karatasi tupu. Kwa hiyo kabla ya kutunga kanuni yoyote, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali itangaze kwamba kuandika uonevu si aibu. Aibu ni kuuficha.

Lipo pia jambo ambalo hatuwezi kuliruka, ingawa linauma. Hatuwezi kumwambia kijana asimpige aliye mdogo kuliko yeye ilhali kila siku anamwona mtu mzima akimpiga aliye mdogo kuliko yeye na kuita malezi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, uliwahoji vijana wa Bara na Visiwani wenye umri wa miaka 13 hadi 24. Karibu watatu katika kila wanne walieleza kwamba walipata ukatili wa mwili kabla ya kutimia miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Tusingependa kueleweka vibaya. Hatuwadharau walimu, ambao wengi wao hufundisha madarasa yaliyofurika kwa mshahara mdogo na subira kubwa. Wala hatusemi skuli iwe haina nidhamu. Tunasema kwamba bakora haiwezi kuwa dawa ya ubabe, kwa kuwa mbabe anaielewa vyema kabisa: kwake yeye bakora ni uthibitisho kwamba alichokosea si kupiga, bali ni kupiga kabla hajawa mkubwa vya kutosha. Akitoka kuchapwa, humtafuta aliyemsemea.

Kwa Tanzania Bara, kanuni za adhabu ya viboko zilitaka viboko visizidi vinne, vitolewe na Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Tunaomba wasomaji wetu walifikirie daftari hilo. Dola iliona umuhimu wa kuandika fimbo ngapi zimepigwa, na nani, na kwa kosa gani. Basi liko wapi daftari la mtoto aliyepigwa na mwenziwe?

Mapendekezo yetu ni matano, na tumeyachagua kwa kuwa yanawezekana. Kwanza, kanuni za elimu ziutaje uonevu kwa jina, zieleze alama zake tatu, na zihusu uwanja, darasa, dakhalia, njia ya kwenda na kurudi, na simu. Pili, kila skuli iwe na walimu wawili, mwanamke na mwanamme, ambao majina yao yamebandikwa ukutani na kila mwanafunzi anajua kwamba hao ndio wa kuambiwa. Na chini ya majina hayo iandikwe namba 116, ya simu ya bure ya kusaidia watoto. Tatu, kila taarifa iandikwe daftarini siku ile ile, wazazi wa pande zote mbili waitwe ndani ya siku tatu, na baada ya wiki mbili mwonewa aulizwe tena faraghani kama mambo yametengenea. Nne, kisasi dhidi ya aliyesema kihesabiwe kuwa kosa kubwa kuliko kosa la mwanzo, maana ukimya ndio chakula cha uonevu. Tano, Kamati ya Skuli isomewe hesabu za daftari hilo kila muhula, bila ya kutajwa majina ya watoto, na Sheha awe na habari ya yale yanayotokea njiani katika shehia yake.

Huenda pakatokea mtu akasema kwamba utaratibu kama huu ni wa nchi tajiri. Tunamkumbusha kwamba mwaka 2011 kilifunguliwa Kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, na kwa mara ya kwanza daktari, polisi na mtu wa ustawi wa jamii wakakutana mahali pamoja kumhudumia aliyefanyiwa ukatili, badala ya kumzungusha ofisi kwa ofisi akisimulia machungu yake upya. Baadaye ukaja Mpango Kazi wa Kitaifa wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto wa mwaka 2017 hadi 2022. Ikiwa tuliweza kuwakutanisha watumishi wa idara tatu kwa ajili ya maafa makubwa, tutashindwaje kuwakutanisha mwalimu, mzazi na sheha kwa ajili ya jambo ambalo likiachwa ndilo linalozaa maafa hayo?

Neno letu kwa wazazi ni hili. Wengi wetu, tukiitwa skuli kwa kuwa mtoto wetu ameonewa, huenda mbio. Tukiitwa kwa kuwa mtoto wetu ndiye mwonevu, hukasirika na kumtafutia mawakili. Wapo hata wanaofurahi moyoni, wakisema mwanangu ni dume. Dini yetu imekwisha lisema jambo hili. Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 11, inakataza watu kufanyiana dhihaka na kuitana kwa majina mabaya, na kila mtoto aliyepita chuoni ameisoma sura hiyo. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba ndugu yako umsaidie akidhulumiwa na pia umsaidie akiwa ndiye dhalimu, na akabainisha kwamba dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa asidhulumu. Basi mzazi anayempenda mwanawe mwonevu na amsaidie kwa namna hiyo. Samaki hukunjwa angali mbichi. Akisha kauka, anayemkunja huwa ni mahakama, nayo haikunji, huvunja.

Kwa sababu hiyo hiyo hatupendi kuona kanuni mpya ikiwa ni ya kufukuza tu. Mwonevu naye ni mtoto wa nchi hii, na aghalabu ni mtoto anayepigwa kwao au asiye na wa kumsikiliza. Kumfukuza skuli bila ya kumtengeneza ni kumhamishia ubabe wake maskani na sokoni. Na alazimike kurudisha alichokichukua, aombe radhi mbele ya wazazi, apewe kazi ya kulitumikia darasa lake, akutane na mshauri kila wiki, na mambo mazito yafikishwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Kufukuzwa kuwe ni hatua ya mwisho, baada ya nyengine zote kujaribiwa na kuandikwa.

Serikali inajenga skuli za ghorofa, na wananchi wanaona na wanashukuru. Tunaomba kwamba katika kila jengo jipya linalokabidhiwa, pamoja na funguo, vyoo na madawati, Mwalimu Mkuu akabidhiwe pia daftari hilo moja na majina ya walimu hao wawili, na Afisa Elimu wa Wilaya afike baada ya muhula alifungue. Akilikuta tupu, asipongeze. Aingie darasani, aketi na watoto, aulize.